Madaftari Mawili ya Kahawa

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii aghalabu hutajwa na wafanyabiashara, hususan wenye maduka waliolazimika kukumbuka nani alikopa kibaba cha mchele na nani alilipa. Ni nadra mtu kuifikiria anapoinua kikombe cha kahawa. Hata hivyo, yupo mhadhiri mmoja wa Kiswahili, mkazi wa Nairobi na mzaliwa wa Nyeri, ambaye methali hiyo ilimjia na maana mpya asubuhi ya Jumamosi moja ya mwaka 2021, alipokuwa amesimama jikoni mwake, kikombe mkononi na majuto moyoni.

Kikombe kile kilikuwa kimemshinda. Juma lililotangulia alikuwa amejiandalia kahawa ambayo hakuwa amewahi kuonja mfano wake: nyepesi ulimini, yenye utamu wa sukari guru na uchachu wa kupendeza kama wa zambarau lililoiva. Aliufunga mfuko, akauweka kabatini, akajiahidi kuiandaa tena. Jumamosi hiyo akaiandaa tena, kutoka mfuko ule ule na kwa birika lile lile. Kilichotoka kilikuwa kichungu, tena kiliacha ukakasi kinywani kama wa ndizi mbichi. Je, ni nini kilichobadilika? Hakujua. Hakuwa amepima kahawa wala maji. Hakukumbuka kama alisaga laini au chengachenga, wala maji yalikaa na kahawa kwa muda gani. Mali ilikuwa imepotea, na habari zake hazikuwapo.

Siku hiyo hiyo alishuka dukani akanunua daftari la kurasa 200. Alipokuwa akichora mistari ya safu katika ukurasa wa kwanza, mkono wake ulisita. Alikumbuka kwamba katika ukoo wao yeye hakuwa wa kwanza kuweka daftari la kahawa.

Baba yake alikuwa na lake. Lilikuwa daftari lenye jalada gumu jeusi, lililohifadhiwa ndani ya sanduku la mbao chini ya kitanda pamoja na hati ya shamba na kitambulisho. Mzee alilianza mwaka 1976. Mnamo Julai 1975 baridi kali ilikuwa imeiangamiza mibuni ya Brazil, na bei ya kahawa ikapanda ulimwenguni kote. Wakulima wa milima ya Kenya wakapata fedha ambazo hawakuwa wameziota, na mzee akajenga nyumba ya mawe ambayo ingali imesimama hadi leo. Kila ukurasa ulikuwa na safu tatu: tarehe, kilo, nambari ya risiti. Kila jioni ya msimu wa mavuno, mzee aliporejea kutoka kiwandani na magunia matupu begani, hakuketi kula kabla ya kuandika. Binti yake, aliyekuwa angali mdogo, ndiye aliyeshika taa.

Kurasa za baadaye zinasimulia mambo mengine. Mnamo Julai 1989 mfumo wa kimataifa wa kugawa viwango vya kuuza kahawa ulivunjika, nayo bei ikaporomoka. Kilo katika daftari la mzee zikaanza kupungua. Pembeni mwa risiti kukaanza kuonekana maneno mafupi ya kalamu nyekundu: 'bado', 'bado', 'nusu'. Msimu mmoja mzee alilipwa shilingi 6 kwa kilo ya matunda, tena baada ya kungoja miezi kumi. Pamoja na hayo yote, ni kahawa hiyo hiyo iliyolipa karo ya bintiye hadi akaingia chuo kikuu. Kwa hivyo alipokuwa akisoma sarufi na fasihi, kila kitabu alichonunua kilikuwa kimepimwa kwanza kwa kilo.

Daftari hilo lilikuwa na kila jambo isipokuwa moja. Halikuwa na neno lolote kuhusu ladha. Nyumbani kwao hakuna aliyekunywa kahawa. Asubuhi ilikuwa ni chai ya maziwa, na jioni ilikuwa ni chai ya maziwa. Kahawa ilikuwa mali ya kiwanda tangu ilipotoka mtini, na kuionja kungekuwa kama mchungaji kujichinjia ng'ombe wa tajiri. Lugha yenyewe inashuhudia kinaya hiki. Waswahili waliiita nyumba ya kuburudikia 'mkahawa' kwa kuwa palinywewa kahawa. Leo, katika miji mingi ya nchi hii, mtu huingia mkahawani akaagiza chai na mandazi, wala haoni ajabu. Nchi inayosifiwa ulimwenguni kwa kahawa yake huuza nje sehemu kubwa mno ya mazao hayo, na waliolima hubakia na risiti.

Daftari la binti lilikuwa la namna nyingine. Alinunua kahawa katika mifuko ya gramu 250, ile inayojulikana kama kahawa maalumu, yaani iliyoonjwa na waonjaji waliofuzu ikapata angalau alama 80 kati ya 100. Kwa kila mfuko aliandika kiwanda na kaunti ilikotoka, aina ya mbuni, namna matunda yalivyoandaliwa, daraja, na zaidi ya yote, tarehe ya kukaangwa. Tarehe hiyo alijifunza kuiheshimu baada ya mifuko mitatu. Kahawa iliyotoka tu kwenye moto huwa ingali inatoa hewa ya kaboni, na maji yakimiminwa juu yake hufoka povu jingi na ladha ikawa ya vurugu. Ikiachwa siku kadhaa hutulia. Ikikaa miezi hufifia ikawa dufu, hata kama mfuko haukufunguliwa. Katika safu ya tarehe ndimo alimogundua kwamba kahawa aliyoilaumu kuwa mbaya mara nyingi ilikuwa imezeeka tu dukani.

Kosa jingine alilosahihishiwa na daftari lilihusu daraja. Kama Wakenya wengi, aliamini kwamba herufi AA zina maana ya kahawa tamu kupita zote. Kumbe herufi hizo husema ukubwa wa punje tu. Buni hupitishwa katika machekecho yenye matundu ya vipimo mbalimbali. Zinazobaki juu ya matundu ya takriban milimita 7.2 ndizo AA, zinazofuata ndizo AB, na zile za mviringo zilizokua peke yake ndani ya tunda huitwa PB. Punje kubwa huenda ikawa tamu, na punje ndogo huenda ikawa tamu vilevile. Baada ya miezi minane alihesabu mifuko aliyoiandikia neno 'rudia', akaona kwamba ya AB, iliyokuwa na bei nafuu, haikupitwa na ile ya AA. Ni dhahiri kwamba alikuwa akilipia herufi.

Katika upande wa kuandaa, alijiwekea sheria moja: asibadilishe mambo mawili kwa siku moja. Alianza na gramu 15 za kahawa kwa gramu 240 za maji, yaani sehemu 1 kwa 16, akizipima kwa mizani ndogo ya jikoni. Alitumia kifaa chenye umbo la pia kinachokalia mdomo wa kikombe, kikiwa na karatasi ya kuchujia ndani yake. Kikombe kikiwa na uchachu mkali na maji matupu nyuma yake, alijua kwamba maji yamepita mbio bila kuchukua ladha ya kutosha. Kesho yake alisaga laini zaidi, na hakugusa kitu kingine. Kikiwa na uchungu na ukakasi, alisaga chengachenga kidogo. Mantiki yake ilikuwa nyepesi: unga laini huyakabili maji kwa pande nyingi zaidi, kwa hivyo hutoa kilichomo kwa haraka, kizuri na kibaya pamoja.

Hapo ndipo taaluma yake ilipoingilia jiko lake. Katika majuma ya kwanza alinakili maneno aliyoyakuta yamechapishwa kwenye mifuko, na mifuko hiyo ilizungumza Kiingereza. Kahawa za Nyeri na Kirinyaga, ilisema, zina ladha ya tunda moja dogo jeusi la Ulaya. Mhadhiri huyu aliandika jina la tunda hilo mara kumi na moja kabla ya kujiuliza kama alikuwa amewahi kulitia mdomoni. Hakuwa amewahi. Alilijua kwa kinywaji cha chupa alichonunuliwa utotoni siku za sikukuu. Mtu aliyezaliwa umbali wa hatua mia mbili kutoka kwa mibuni alikuwa akiieleza kahawa ya kwao kwa tunda asilolijua, eti kwa sababu mgeni aliyeionja kwanza ndilo alilolikumbuka.

Alizipiga mstari kurasa hizo, akaanza upya kwa matunda na maneno aliyokuwa nayo. Akaandika zambarau, ukwaju, karakara, tunda damu, forosadi, ndimu, asali ya nyuki. Akagundua kwamba Kiswahili hakikuwa maskini hata kidogo katika mambo ya ulimi. Kahawa isiyo na ladha ni chapwa. Ile inayokausha ulimi ina ukakasi. Uchachu si ukali, na ukali si uchungu, japo watu huyachanganya. Na hali ile ambayo wataalamu huitafuta kwa mizani na saa, ambapo maji yamechukua kinachostahili na kuacha kisichostahili, mama wa Kiswahili amekuwa akiitaja kila siku kuhusu chai na mchuzi: imekolea. Tangu siku hiyo safu ya mwisho ya daftari ilikuwa na maamuzi matatu tu: chapwa, imekolea, imezidi.

Daftari pia lilimwondolea kiburi. Mwaka 2022 alialikwa kwenye kongamano mjini Mombasa, akafikia kwa mama mmoja wa makamo, mkwe wa rafiki yake. Alikuwa amebeba kahawa yake bora, mizani yake na kifaa chake cha kuchujia, akitaka kumwandalia mwenyeji wake kikombe cha kumstaajabisha. Alichemsha maji, akamimina mara tu yalipotokota kama alivyozoea, akangojea sifa. Kikombe kilikuwa kichungu, tena kizito kwa namna isiyopendeza. Mwenyeji alikunywa funda moja, akakiweka chini kwa adabu.

"Mwanangu, kahawa ya kupimwa kwa mizani!" akasema akitabasamu. "Sisi hapa twapima kwa pua."

Kisha akaleta dele lake lililokuwa juu ya makaa, akamimina katika vikombe vidogo visivyo na mkono kahawa nyeusi iliyochemshwa na tangawizi, akaweka kashata kando. Ilikuwa chungu, naam, lakini uchungu wake ulikuwa na kazi: uliingoja kashata. Mhadhiri alikunywa vikombe vitatu, akaomba na cha nne.

Usiku huo alifungua daftari kutafuta kosa. Gramu zilikuwa zile zile, usagaji ule ule, muda ule ule. Mwishowe akaitazama safu ya joto, ambayo kwa mwaka mzima alikuwa akiandika 'yametokota' bila kufikiri. Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 1,700 na zaidi, na huko maji hutokota yakiwa na nyuzi 94 hivi. Mombasa, ufuoni kabisa, hutokota kwa nyuzi 100. Neno lilikuwa moja na maji yalikuwa mawili. Isitoshe, maji ya nyumba ile yalitoka kisimani na yalikuwa na chumvichumvi. Aliandika pembeni: 'Kutokota si kipimo. Andika nyuzi. Andika maji ya wapi.' Chini yake akaongeza sentensi ambayo baadaye aliisoma mara nyingi: 'Kahawa ya dele haikukosea. Ilikuwa inajibu swali jingine.'

Yote hayo yalikuwa mazoezi. Mtihani wenyewe ulikuja Oktoba 2023, kwa simu ya jioni.

"Mama," baba yake alianza. Alikuwa akimwita hivyo tangu utotoni, kwani kwa desturi ya Wakikuyu binti huyo alikuwa amepewa jina la nyanya yake mzaa baba. "Mama, nimeamua kung'oa mibuni. Nitapanda maparachichi."

Mzee alikuwa na umri wa miaka 81. Alisema bila manung'uniko, kama mtu anayetangaza kwamba mvua imenyesha. Mgongo ulikuwa umechoka, vijana wa kuchuma walikuwa wachache, dawa za kuzuia chulebuni na kutu ya majani zilikuwa ghali. Miti yake ilikuwa 240. Binti hakuwa na hoja ya kumpinga. Angesema nini, yeye ambaye kwa miaka miwili alikuwa akiandika kuhusu zambarau na ukwaju, ilhali aliyezipanda alikuwa akiandika 'bado' na 'nusu'? Aliomba jambo moja tu: baba asing'oe kabla ya mavuno ya Novemba, ili wayaonje matunda yake.

"Kuonja?" mzee aliuliza. "Ni nani aliyewahi kuonja kahawa yake?"

Novemba alipanda matatu kwenda nyumbani. Shamba lilikuwa na mibuni ya namna mbili. Karibu na kijito ilisimama ile mikongwe ya SL28, aina iliyoteuliwa na maabara ya Scott huko Kabete katika miaka ya 1930 kutoka kwa mbegu zilizotokea Tanganyika, zilizosifika kwa kustahimili ukame. Upande wa juu kulikuwa na Ruiru 11, aina iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985 kwa sababu inahimili magonjwa. Baba na binti walichuma wenyewe, wakichagua mekundu pekee, wakajaza ndoo tatu za kilo 7 kila moja: moja ya SL28, moja ya Ruiru 11, na ya tatu ya SL28 pia, lakini hiyo haikumenywa. Waliianika nzima na maganda yake, kama ianikwavyo ile kahawa ambayo wakulima wa Kenya huiita mbuni, inayolipwa bei ya chini kuliko zote.

Zile ndoo mbili za kwanza walizimenya kwa mkono, punje zikateleza na ute wake hadi ndani ya maji. Zilikaa usiku kucha zichachuke, asubuhi wakazisugua na kuzisuuza mpaka zikakwaruza kiganjani kama changarawe safi. Wakazitandaza juu ya wavu uliowambwa kwenye vigingi. Binti alipaswa kurudi kazini. Aliacha daftari lake mezani, akamwonyesha baba safu ya kukaushia.

Aliporudi katikati ya Desemba, alikuta kurasa mbili zimejaa mwandiko wa zamani, ule wa herufi zilizolala upande. Mzee alikuwa ameandika kila siku: saa alizoanika, saa alizofunika, siku ya mawingu, mara ngapi aligeuza. Siku moja aliandika: 'Mvua ya ghafla saa tisa. Nimekimbia.' Mwanamume wa miaka 81 alikuwa amekimbia kwa ajili ya kahawa isiyokuwa na risiti.

Walitwanga kwa kinu, wakapepeta kwa ungo. Kutoka kwa kila ndoo ya kilo 7 walipata takriban kilo moja ya buni. Walizikaanga kidogokidogo katika sufuria nzito juu ya jiko la makaa, mzee akikoroga na binti akitazama saa. Rangi ya kijani iligeuka manjano, kisha ikawa ya udongo. Harufu ilikuwa ya nyasi, ikawa ya mkate, ndipo mlio wa kwanza ukasikika, kama wa bisi zinazoanza kupasuka. Mzee alishtuka, akacheka. Kwa miaka 47 ya kuandika, hakuwa amewahi kusikia sauti ya kahawa yake. Waliipepeta ipoe, wakaitia katika makopo, wakaiacha siku nne ipumue.

Siku ya kuonja, binti aliandika majina matatu kwenye vipande vya karatasi, akavificha chini ya vikombe, akamwomba baba asichungulie. Hapakuwa na sukari wala maziwa. Mzee alikunywa cha kwanza, akakunja uso.

"Hiki kina uchachu kama ndimu."

Akanywa cha pili. "Hiki hakina ubaya, wala hakina neno."

Cha tatu alikinywa, akanyamaza, akanywa tena. Akauliza kama kimetiwa asali.

Walipoinua vikombe, cha kwanza kilikuwa SL28 iliyooshwa, ile ambayo waonjaji huisifu na ambayo binti mwenyewe, kabla ya baba kunena lolote, alikuwa ameiandikia 'imekolea'. Cha pili kilikuwa Ruiru 11. Cha tatu kilikuwa mbuni.

Mzee alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Hii ndiyo iliyokuwa ikilipwa ya mwisho!"

Binti alitaka kumsahihisha. Maelezo yalikuwa tayari ulimini: kwamba mbuni ya kiwandani hutokana na matunda yaliyoanguka, yaliyokauka mtini au yasiyoiva, ilhali hii ilichumwa ikiwa imeiva na ikalindwa kama yai, kwamba tunda likikaukia na nyama yake, punje huwa na utamu mwingi na uzito kinywani, kwamba uchachu alioukataa mzee ndio sifa kuu ya kahawa za Kenya. Yote hayo yalikuwa kweli. Lakini alikumbuka lile tunda dogo jeusi aliloliandika mara kumi na moja. Kama yeye alikuwa na haki ya kuacha ladha ya kuambiwa, je, baba yake hakuwa nayo? Alichukua kalamu, akaandika hukumu zote mbili, yake na ya baba, katika mstari mmoja, bila ya kuweka moja juu ya nyingine.

Kisha mzee akaingia chumbani, akarudi na daftari lake jeusi. Alitaka kujua hesabu. Walifungua ukurasa wowote, ikawa ni siku moja ya Novemba 1986: kilo 63. Binti akapiga hesabu kwa sauti. Kilo 63 za matunda ni takriban kilo 9 za buni. Buni zikikaangwa hupoteza kama asilimia 15 ya uzito wake, kwa hivyo zingebaki gramu 7,650. Kwa gramu 15 kwa kikombe, ni vikombe 510. Siku moja. Mstari mmoja.

Mzee aliutazama mstari ule kwa muda mrefu.

"Na hao waliokunywa," aliuliza hatimaye, "waliandika popote kwamba ilikuwa tamu?"

Binti hakuwa na jibu, na ukimya huo ndio uliokuwa mzito zaidi kuliko vikombe vyote vitatu. Yamkini waliandika. Yamkini mtu mmoja, katika jiji la mbali, alichora safu zake, akatia jina la tunda lake, akaandika neno la 'rudia' katika lugha yake. Habari hiyo haikupata njia ya kurudi hadi kwenye kijito kile. Risiti zilikuwa zikiteremka mlimani pamoja na magunia, lakini hakuna neno lililopanda.

Asidhani mtu kwamba kikombe cha mbuni kiliziokoa sababu za mzee zisimshinde. Mgongo haukupona kwa utamu. Februari 2024 alining'inia kwenye uamuzi wake kwa siku chache, kisha akaita vijana, wakang'oa mibuni 180 ya upande wa juu, wakachimba mashimo ya maparachichi. Ile 60 ya karibu na kijito aliiacha. Alipoulizwa sababu alisema kwamba pale pana maji mengi, maparachichi yangeoza mizizi. Huenda hiyo ndiyo iliyokuwa sababu.

Mwisho wa mwaka huo binti alikwenda nyumbani, akatumwa sandukuni kutafuta hati fulani. Daftari jeusi lilikuwa juu. Alilifungua kwenye ukurasa wa mwisho ulioandikwa, akaziona zile safu tatu alizozijua tangu siku za kushika taa: tarehe, kilo, nambari ya risiti. Mistari ilikuwa michache, kama inavyostahiki mibuni 60. Katika mmojawapo, pale palipopaswa kuwa na nambari ya risiti, hapakuwa na nambari. Palikuwa na neno moja, kwa herufi zilizolala upande: 'nyumbani'.

Alilifunga daftari taratibu, akalirudisha mahali pake, akaenda kuteka maji ya birika. Wale wanaojishughulisha na lugha hii wana desturi ya kuhesabu istilahi zinazokosekana, na hilo ni jema. Lakini zipo zile zisizokosekana, zinazongojea tu mtu aliye na kikombe mkononi azitamke na kuziandika: chapwa, ukakasi, kukolea. Mali iliyo na daftari haihifadhiki kwa kilo pekee. Aliyelima na aonje, na aliyeonja na aandike kwa maneno ya kinywa chake mwenyewe, ili habari nayo ipate njia ya kupanda mlima.